Chemba ya oksijeni na usonji: mtoto kabadilika, ila ni oksijeni iliyombadilisha?

Kila baada ya muda inaibuka video ile ile, sura tu ndo zinabadilika. Mtoto mwenye usonji yuko ndani ya chemba ya plastiki, mzazi anamchungulia kupitia kidirisha, alafu maandishi yanapita chini kwamba baada ya wiki kadhaa za oksijeni mtoto kaanza kuangalia watu usoni, kaanza kutamka maneno, sasa hivi analala usiku mzima. Video inazunguka kwenye magrupu ya wazazi na hapo hapo wanajitokeza watu wa aina mbili, mmoja anauliza inapatikana wapi na bei gani, mwingine anasema huo ni wizi mtupu. Wote wanaongea kwa uhakika, na mara nyingi hakuna kati yao aliyeeleza hiyo chemba inafanya nini hasa. Januari 2025 ikaja habari ya Troy, Michigan, kule Marekani, mtoto wa miaka 5 kafariki baada ya chemba aliyokuwemo kushika moto, na hapo mkanganyiko ukazidi maana wengine wakaanza kusema oksijeni yenyewe ni sumu.

Basi twende taratibu, tuanze na maneno.

Usonji ni tofauti ya namna ubongo unavyokua. Unaanza mapema sana, kwa sehemu kubwa hata kabla mtoto hajazaliwa, na unaonekana kwenye mawasiliano, kwenye kuhusiana na watu, kwenye kurudia rudia vitu, na kwenye jinsi mtoto anavyopokea sauti, mwanga au kuguswa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao. Hauambukizi, hausababishwi na malezi, na hamna kipimo cha damu kinachosema huyu anao huyu hana, wataalamu wanaangalia tabia na historia ya mtoto. Hilo la mwisho lishike vizuri. Kama usonji unatambuliwa kwa kuangalia tabia, basi na nafuu nayo inapimwa kwa kuangalia tabia, na anayeangalia ni binadamu mwenye matumaini yake.

Sasa chemba. Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni asilimia 21 hivi, iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Tiba ya chemba inabadilisha vitu viwili kwa mpigo: mgonjwa anavuta oksijeni tupu, asilimia 100, na anaivuta akiwa ndani ya chumba kilichopandishwa presha. Presha hiyo inahesabiwa kwa angahewa. Hapa tulipo, usawa wa bahari, ni angahewa 1. Ukizama mita 10 chini ya maji uko kwenye angahewa 2, mita 20 ni 3. Chemba za hospitali mara nyingi zinafanya kazi kati ya 2 na 3, yaani mgonjwa kakaa kwenye kiti chake vizuri tu lakini mwili unahisi kama uko mita 10 au 20 baharini.

Kwanini presha, si umpe tu mtu barakoa ya oksijeni ikaisha? Ni kwa sababu ya himoglobini, ile kitu kwenye chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni. Kwa mtu ambaye mapafu yake yako sawa himoglobini imeshajaa tayari, kipimo cha kidole kinasoma asilimia 95 na kuendelea, kwa hiyo hata ukimrundikia oksijeni puani, huko kwenye himoglobini nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Njia pekee ya kuongeza mzigo mkubwa ni kuilazimisha oksijeni iyeyuke kwenye maji maji ya damu yenyewe, na gesi inayeyuka kwenye kimiminika kulingana na presha. Ukifungua chupa ya soda umeshaiona hiyo kitu kwa macho: gesi ilikuwa imeyeyuka imetulia kwa sababu ya presha ya ndani, presha ikitoka na yenyewe inatoka mbio kwa mapovu. Chemba inafanya upande wa pili wa jambo hilo, inaisukuma gesi iingie.

Na inafanya kazi kweli, tena kwa kiwango cha kushangaza. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa Amsterdam, Ite Boerema, alichapisha majaribio aliyofanya na wenzake kwa nguruwe waliopunguzwa chembe nyekundu karibu zote, wakawekwa kwenye chemba ya angahewa 3 wakivuta oksijeni, wakaendelea kuishi. Oksijeni iliyoyeyuka peke yake ilitosha. Kwa hiyo mtu akikwambia chemba ya oksijeni ni uganga wa kizungu, hapana, hii ni tiba halali yenye kazi zake. Mzamiaji aliyepanda juu haraka akapata mapovu ya gesi mwilini anatibiwa hivi, aliyevuta moshi wa jiko au wa gari akapata sumu ya kaboni monoksaidi, vidonda vya kisukari ambavyo vimegoma kupona, mifupa na nyama zilizoharibiwa na mionzi ya saratani, baadhi ya maambukizi mabaya yanayokula nyama. Chama cha kimataifa cha madaktari wa fani hii, kile cha Undersea and Hyperbaric Medical Society, kina orodha ya hali ambazo wanaona ushahidi wake unatosha. Usonji haumo.

Hapa ndo watu wengi wanapotelea. Wanasikia "chemba inatibu," wanasikia "imeidhinishwa," na kweli imeidhinishwa, ila kwa kitu kingine. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari Agosti 2013 ikiutaja usonji kwa jina kati ya hali ambazo tiba hii haijaidhinishwa wala kuthibitishwa kutibu. Uingereza mwaka huo huo taasisi ya NICE, ambayo ndo inaandika miongozo ya matibabu kule, ilikuwa wazi zaidi: chemba ya oksijeni isitumike kushughulikia usonji kwa watoto, kwa hali yoyote.

Alafu kuna chemba na chemba

Hili hata baadhi ya wanaoitetea hawalisemi. Kuna chemba ngumu, za chuma au plastiki nene, zinazofika angahewa 2 au 3 na oksijeni tupu. Na kuna chemba laini, zile za turubai zenye zipu, unajaza hewa kwa pampu, ambazo zinaishia kwenye angahewa 1.3 tu. Hizo laini Marekani ziliruhusiwa kwa ajili ya watu waliozidiwa na kimo cha mlima. Nyingi ya zinazouzwa au kukodishwa kwa wazazi wa watoto wenye usonji ni hizi, na kwenye tafiti za mwanzo zinazotajwa sana ndo zilizotumika, zikiwa na oksijeni asilimia 24.

Piga hesabu hapa, ni ndogo lakini inafungua macho. Kiasi cha oksijeni ambacho mapafu yanakihisi ni presha mara asilimia. Nje ya chemba: 1 mara 0.21, unapata 0.21. Chemba laini: 1.3 mara 0.24, unapata 0.31. Chemba ya hospitali kwenye angahewa 2 na oksijeni tupu: 2. Sasa 0.31 mtoto anaipata akiwa amekaa sebuleni na barakoa ya kawaida ya oksijeni asilimia 31, bila presha yoyote, bila zipu, bila kulipia kikao. Yaani anayekuuzia chemba laini kwa kukuonyesha tafiti za chemba za hospitali anakuuzia kitu kimoja kwa sifa za kingine, na ukiangalia namba hivyo unaelewa kwanini wataalamu wengi wa fani yenyewe wanakunja uso.

Wazo lilitoka wapi

Halikutoka hewani. Kuna picha za ubongo zinazopima mtiririko wa damu, na baadhi ya tafiti zilionyesha kwa watoto wenye usonji maeneo fulani, hasa ya pembeni ya ubongo, yana mtiririko mdogo kuliko kwa watoto wengine. Kuna tafiti nyingine zilizoona dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani, ule wa kinga ya mwili. Mtu akaunganisha: damu kidogo maana yake oksijeni kidogo, tuongeze oksijeni, tupunguze uvimbe, ubongo uamke.

Inaingia akilini, na ndo tatizo lake. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi kidogo inaomba damu kidogo, kwa hiyo mtiririko mdogo unaweza kuwa matokeo ya jinsi ubongo wa huyu mtoto unavyofanya kazi, sio chanzo. Kuomba damu kidogo sio kukosa hewa. Tena oksijeni nyingi huzalisha kemikali zinazounguza seli, na kati ya nadharia hizo hizo zinazotumika kuitetea chemba ipo inayosema watoto wenye usonji tayari wana mzigo mkubwa wa kemikali hizo. Kwa hiyo ukiwa mezani unaweza kujenga hoja kwamba itasaidia, na unaweza kujenga hoja nzuri tu kwamba itadhuru. Hoja ya mezani haimalizi ubishi. Inabidi kujaribu.

Kujaribu maana yake nini

Watu wanadhani kujaribu tiba ni kuwapa watoto 50 alafu unaangalia wangapi wamepata nafuu. Kwa usonji hiyo haitoshi kabisa, na sio kwa sababu wazazi ni waongo. Mtoto wa miaka 4 miezi miwili ijayo atakuwa amebadilika hata usipomfanyia kitu, maana anakua, na watoto wenye usonji nao wanakua, wengine wanapiga hatua kwa kurukaruka, miezi kimya alafu ghafla maneno matano. Wakati huo huo anaweza kuwa yuko kwenye mazoezi ya kuongea, kabadilishiwa darasa, kaanza kulala vizuri. Na wazazi wengi wanakimbilia tiba mpya kipindi ambacho hali imekuwa mbaya zaidi, na kipindi kibaya kwa kawaida hufuatiwa na kipindi chenye unafuu, tiba iwepo isiwepo.

Kwa hiyo unahitaji kundi la pili. Watoto wanagawanywa kwa kura, wengine wanaingia kwenye chemba ya kweli, wengine kwenye chemba ya zuga, ambayo inanguruma, inafungwa, mtoto anakaa saa nzima ndani, lakini haina oksijeni ya ziada. Mzazi hajui mwanae yuko kundi gani na anayempima mtoto naye hajui. Swali linakuwa sio "je watoto walipata nafuu?" bali "je waliopata oksijeni walipata nafuu kuliko waliozugwa?" Haya ni maswali mawili tofauti kabisa na nusu ya ubishi wote unaousikia ni watu wanaojibizana kila mmoja akijibu swali lake.

Kuzuga kwenye chemba sio kama kuzuga na kidonge. Presha ikipanda masikio yanaziba, kila mtu anajua, mtoto anashika masikio. Kwa hiyo kundi la zuga lazima lipewe presha kidogo ili mzazi aliyekaa na mtoto ndani asishtuke. Hapo wanaoitetea tiba wanapata mlango, wanasema hata hiyo presha kidogo ni tiba, ndo maana makundi yote yamefanana. Tutalirudia hilo.

Majaribio yenyewe sasa. La kwanza kubwa lilichapishwa 2009, likiongozwa na daktari Rossignol, vituo 6 Marekani, watoto 62 wa miaka 2 hadi 7. Kundi moja lilipata saa 40 za angahewa 1.3 na oksijeni asilimia 24, lingine angahewa 1.03 na hewa ya kawaida. Madaktari waliowapima wakasema asilimia 30 ya waliopata tiba wamebadilika sana, dhidi ya asilimia 8 ya wale wengine. Hizo ndo namba unazozikuta kwenye kila tangazo mpaka leo. Ambacho tangazo haliweki ni kwamba kwenye kipimo rasmi cha usonji, kile ambacho mtaalamu anacheza na mtoto na kumpa alama kwa utaratibu maalum, tofauti kati ya makundi mawili haikuonekana, kwamba kadhaa kati ya waandishi wanaendesha tiba hiyo na kuingiza kipato, jambo ambalo kwa haki yao walilitangaza wenyewe, na kwamba watoto hawakufuatiliwa baadae kuona kama mabadiliko yalibaki. Mimi sisemi walidanganya. Nasema jaribio moja dogo lenye matokeo mazuri ni mwaliko wa kurudia, na lilirudiwa.

2010 kundi lingine, Granpeesheh na wenzake, wakatumia presha ile ile na oksijeni ile ile ila wakaongeza dozi mara mbili, saa 80. Watoto 34 walimaliza. Tofauti kati ya tiba na zuga: hamna. 2011 Jepson na wenzake wakachukua watoto 16 na wakafanya kitu tofauti, waliwapima kila mtoto mara nyingi kabla, wakati wa tiba na baada, ili kama kuna mtu mmoja tu kati yao anayefaidika aonekane. Hakuonekana, sio kwenye kundi na sio kwa mtoto mmoja mmoja.

Watetezi wakasema sawa, hiyo ni chemba laini, dozi ndogo, mnajaribu maji mnasema dawa haifanyi kazi. Hoja ya haki kabisa, ingawa ni wale wale waliokuwa wanalitumia lile jaribio la 2009 kama ushahidi.

Jaribio la Thailand

Hili ndo la kukaa nalo. Lilichapishwa 2012, watoto 60 wa miaka 3 hadi 9. Safari hii hakuna turubai. Kundi la tiba lilipata angahewa 1.5 na oksijeni tupu, asilimia 100, na ukirudi kwenye hesabu yetu hiyo ni 1.5, zaidi ya mara saba ya hewa ya kawaida na karibu mara tano ya chemba laini. Kundi la zuga lilipata angahewa 1.15 na hewa ya kawaida, yaani oksijeni ya 0.24, karibu sawa na kukaa nje. Vikao 20, saa moja kila kimoja. Wazazi wakajaza fomu zao, madaktari wakajaza zao.

Makundi yote mawili yalipata nafuu. Sio kidogo, nafuu inayoonekana kwenye hesabu, wazazi wameiona na madaktari wameiona. Na kati ya kundi na kundi, hamna tofauti.

Tulia hapo kidogo. Fikiria wewe ni mzazi wa kundi la zuga. Umempeleka mtoto vikao 20, umeona kwa macho yako anakuangalia zaidi, anatulia zaidi, kama ungerekodi video ingekuwa nzuri kama zile zinazosambaa, na ungekuwa mkweli kabisa, na mtoto wako hajapata oksijeni ya maana hata dakika moja. Zile video ninazozitaja pale mwanzo zinatoka kwa wazazi ambao hawana kundi la zuga la kujilinganisha nalo. Ushuhuda wa mzazi ni wa kweli kuhusu mtoto, ila kuhusu oksijeni hauwezi kusema kitu, hata mzazi awe makini vipi.

Na ile hoja kwamba labda angahewa 1.15 nayo inatibu? Kama ingekuwa kweli, basi chemba ghali ya oksijeni tupu haina kazi, maana presha kidogo ya hewa ya kawaida inatoa matokeo yale yale. Hiyo 1.15 ni kama kuzama mita moja na nusu ya maji. Huwezi kuchukua hoja hiyo alafu ukaendelea kuuza oksijeni. Lazima uchague.

Mwaka 2016 jopo la Cochrane, wale ambao kazi yao ni kukusanya majaribio na kuyachuja, walipitia yote na kwa vigezo vyao likabaki moja tu, hili hili la Thailand. Wakahitimisha hamna ushahidi kwamba chemba inaboresha dalili kuu za usonji, na kwamba ubora wa ushahidi uliopo ni mdogo. Wengine wanaisoma hiyo "ubora mdogo" kama mlango uko wazi. Kisayansi kweli mlango haufungwi kabisa, ila mlango kutofungwa sio sababu ya mzazi kulipia vikao 40.

Tumeshawahi kupita njia hii

1998 ilitoka ripoti ya watoto watatu wenye usonji waliopewa homoni ya tumbo inayoitwa sekretini wakati wa vipimo vya mfumo wa chakula, na tabia zao zikabadilika. Habari ikawaka, wazazi wakaitafuta kila kona. Mwaka uliofuata Sandler na wenzake wakafanya jaribio, watoto 60, nusu sekretini nusu maji ya chumvi. Makundi yote yakapata nafuu, bila tofauti. Wazazi wakaambiwa matokeo. Na asilimia 69 kati yao wakasema bado wanaitaka.

Kuna wanaoicheka hiyo asilimia 69, mimi siwezi. Wazazi wale wameona mtoto kabadilika, wanakuja watu na jedwali wanawaambia dawa haifanyi kazi, na mbadala waliopewa ni kurudi nyumbani bila kitu. Mtu anashikilia alichokiona. Ndo maana kumwambia mzazi "umedanganywa" haisaidii na pia sio sahihi.

Lakini ni oksijeni tu, itamdhuru nini?

Hii ndo nadharia potofu inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwamba kitu cha asili hakina madhara. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 watoto njiti waliwekwa kwenye oksijeni nyingi kwa nia njema kabisa, ilionekana dhahiri kwamba wanaihitaji. Watoto wapatao 10,000 duniani wakapofuka kwa mishipa ya macho iliyoharibika, na kilichothibitisha kwamba chanzo ni oksijeni ni jaribio la kulinganisha makundi mawili lililofanyika Marekani 1953 na 1954. Kabla ya hapo kuna madaktari waliona kumnyima mtoto oksijeni kwa ajili ya jaribio ni ukatili.

Kwenye chemba, tatizo la kawaida ni masikio. Presha ikipanda lazima usawazishe, umeze mate, upige miayo, uzibe pua na kusukuma hewa. Mtu mzima anaambiwa anafanya. Mtoto wa miaka 4 ambaye haongei, hajui kwanini amefungiwa, na sauti zinamsumbua tayari, anawezaje kukwambia sikio linauma? Anapiga kelele, na kelele zake zinaweza kuchukuliwa kuwa ni zile zile za siku zote. Kwenye jaribio la Thailand majeraha madogo ya sikio yalikuwa mengi zaidi kwenye kundi la tiba. Mengine ni nadra: degedege kutokana na oksijeni kwenye presha kubwa, pafu kupasuka, macho kubadilika kuona kwa muda. Degedege nalitaja kwa makusudi kwa sababu kifafa kinawapata watu wenye usonji zaidi ya wengine, kwa hiyo ni la kuuliza kabla.

Alafu moto. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila inafanya vingine vyote viwake kwa kasi ambayo huwezi kuizima, na aliye ndani hawezi kutoka mpaka presha ishuke. Cheche ya nguo ya sintetiki iliyosuguana inatosha. Ndo maana hospitali zinabadilisha mgonjwa nguo, pamba tupu, hamna simu, hamna mafuta ya nywele, hamna midoli ya betri, na mgonjwa anafungwa waya wa kutoa umeme tuli mwilini. Florida 2009 moto kwenye chemba ulimuua mtoto wa miaka 4 pamoja na bibi yake. Yule wa Troy 2025 alikuwa anatibiwa, kwa taarifa zilizotolewa, matatizo ya usingizi na ya umakini, ambayo nayo hayamo kwenye orodha, na watu kadhaa wa kituo kile wakafunguliwa mashtaka ya jinai. Hospitali zenye mafundi na taratibu zimeendesha chemba miaka mingi kwa usalama mkubwa, kwa hiyo sio kwamba kila chemba ni bomu. Ila hatari ndogo unaikubali pale ambapo kuna faida upande wa pili wa mizani. Mzamiaji aliyepooza miguu anaikubali. Kwa usonji upande wa pili wa mizani, kwa majaribio yaliyopo, hamna kitu.

Kuna wanaosema majaribio zaidi yafanyike, na wapo wanaotaja picha za ubongo au vipimo vya damu vilivyobadilika baada ya chemba. Sawa, yafanyike, ila kipimo cha damu kubadilika na mtoto kuweza kuomba maji ni mambo mawili, na mzazi anahangaikia la pili.

Kama umeshaamua kwenda kusikiliza kituo kinachotoa hii kitu, usiulize watoto wangapi wamepata nafuu, hilo watakujibu vizuri na huenda wakawa wakweli. Uliza presha ngapi na oksijeni asilimia ngapi, upige ile hesabu mwenyewe. Uliza kwenye jaribio lipi oksijeni kwa kiwango hicho iliishinda zuga. Uliza nani anamkagua mtoto masikio kabla na baada, nani anakaa nje ya chemba muda wote, na kama daktari aliyepo ni wa fani hiyo. Uliza kama watakutaka usimamishe mazoezi ya kuongea au dawa za kifafa ili "oksijeni ifanye kazi," na wakisema ndio, ondoka. Kama bado unataka kujaribu kitu chochote kile, sio chemba tu, mwombe mwalimu au mtaalamu wa kuongea anayemfahamu mtoto aendelee kumpima kama kawaida bila kumwambia umeanza nini na lini, ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na uandike siku mbaya pia kwenye daftari, sio siku nzuri peke yake.